Volti 14 za alteneta zinatoka wapi, na kwa nini zako hushuka ukiwasha taa

Swali la msomaji

Habari za kazi, mtaalamu. Nina gari la petroli la mwaka 2003 na wiki kadhaa sasa linanitesa. Taa ya betri kwenye dashibodi haizimiki kabisa hata injini ikishawaka. Inabaki na mwanga hafifu ambao mchana siuoni, usiku ndipo nauona. Redio nayo imeanza kutoa mlio mwembamba unaopanda kadiri ninavyokanyaga mafuta. Nimepima betri mwenyewe: gari likiwa limezimwa napata volti 12.3, injini ikiwaka napata 14.1. Lakini nikiwasha taa kubwa, feni ya ndani na nyaya za kupasha kioo cha nyuma, inashuka mpaka 12.7, na hata nikikanyaga hadi mizunguko 2,000 haivuki 13.0. Fundi wa kwanza kasema betri imechoka. Wa pili kasema kidhibiti cha volti kimekufa, nikibadilishe. Kabla sijatoa hela naomba unieleweshe: injini ikizunguka mara tano zaidi, kwa nini umeme usiwe mara tano zaidi? Nani anayezizuia volti zibaki 14, na je, ndiye aliyeharibika kwangu?

Jibu

Salama, ndugu yangu, na nakushukuru kwa kupima kabla ya kuuliza. Wengi huleta malalamiko bila namba, na bila namba hata fundi mzuri hubaki kubahatisha. Nikwambie mapema ninakoelekea: kwa dalili hizi, kidhibiti ndicho ambacho ningekishuku mwisho. Ninachokishuku ni daiodi, kipande kidogo kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kilichomo ndani ya alteneta hiyohiyo, yaani ile mashine inayozungushwa na injini ili kuzalisha umeme wa gari. Lakini sitaki ubadilishe kauli ya fundi mmoja kwa kauli yangu. Nataka uelewe kazi inavyofanyika, kisha mita yako ikupe jibu.

Tuanze na swali lako la injini kuzunguka mara tano, maana limebeba siri yote ya alteneta.

Tangu Michael Faraday alipofanya majaribio yake mwaka 1831 inajulikana kwamba sumaku ikipita karibu na koili ya waya, koili hiyo hupata umeme. Ukubwa wa volti unategemea mambo mawili makubwa: sumaku inapita kwa kasi gani, na sumaku yenyewe ina nguvu kiasi gani. Kama alteneta ingekuwa na sumaku ya kudumu ya kawaida, hoja yako ingekuwa sahihi kabisa. Kasi ingeongezeka mara tano na volti zingefuata nyuma yake, taa zingeungua na betri ingechemka. Waliobuni alteneta ya gari walijua kwamba kasi hawawezi kuishika, kwa sababu kasi iko chini ya mguu wa dereva. Wakaishika nguvu ya sumaku.

Ndiyo maana rota, yaani ile sehemu inayozunguka, si sumaku ya kudumu. Ni koili moja ndefu ya waya wa shaba iliyozungushiwa katikati ya shafti, na juu yake vimefunikwa vipande viwili vya chuma vyenye makucha yanayopishana. Koili ikipitishiwa mkondo, makucha ya upande mmoja yanakuwa ncha za kaskazini na ya upande wa pili yanakuwa za kusini. Alteneta nyingi za magari madogo zina makucha 12, sita kwa sita. Mkondo unaifikia koili hiyo kupitia kaboni mbili ndogo zinazogusa pete mbili za shaba nyororo kwenye mkia wa shafti. Ni mkondo mdogo, wa ampia chache tu, kwa kawaida usiozidi 5 au hapo karibu. Ukipima ukinzani wa koili ya rota nzima, kati ya pete na pete, mara nyingi utapata omu 2 hadi 4.

Hapo ndipo kidhibiti kinapoingia. Watu wengi hudhani kinakaa mlangoni, umeme ukitoka mwingi kinaukata wa ziada. Sivyo. Mkondo mkubwa unaokwenda kwenye betri na taa haupiti ndani ya kidhibiti hata kidogo. Kidhibiti kinashika ule mkondo mdogo wa rota peke yake. Hakihangaiki na chungu kinachofurika, kinachomoa kuni mekoni.

Kazi yenyewe ni hii. Ndani ya kidhibiti kuna kipimo cha rejea, tuseme 14.2, na transista inayofanya kazi ya swichi. Volti zikiwa chini ya kipimo hicho, transista inafungua njia: mkondo unaingia kwenye rota, sumaku inapata nguvu, volti zinapanda. Zikifika juu kidogo ya kipimo, transista inakata. Sumaku inaanza kudhoofika, volti zinashuka, transista inafungua tena. Mchezo huo unarudiwa makumi hadi mamia ya mara kwa sekunde, na kwa kuwa koili ya rota ina tabia ya kupinga mabadiliko ya ghafla ya mkondo, sumaku haipigi kwata, inatulia kwenye wastani. Injini ikienda mbio na gari likiwa halitumii umeme mwingi, kidhibiti kinaweza kufungua njia kwa sehemu ndogo tu ya muda. Injini ikiwa haijakanyagwa na umewasha kila kitu, kinafungua moja kwa moja na kubaki wazi.

Hilo la mwisho likumbuke. Kidhibiti kikishafungua njia yote, kimemaliza uwezo wake. Hakina kitu kingine cha kuongeza.

Kwa nini 14 na si 12? Betri ya gari ina seli sita, na kila seli ikiwa imejaa na imepumzika ina takriban volti 2.1, jumla 12.6. Ili mkondo uingie kwenye betri badala ya kutoka, lazima uisukume kwa volti zilizo juu ya hizo. Lakini ukizidisha, karibu volti 2.4 kwa seli, maji yaliyo ndani huanza kugawanyika kuwa gesi kwa wingi. Kwa hiyo nafasi ya kucheza ni finyu, na vidhibiti vingi vimepangwa kati ya 13.8 na 14.5. Vingi pia hupunguza volti kidogo alteneta inapopata joto, kwa sababu betri yenye joto huhitaji msukumo mdogo zaidi. Usishangae basi ukipima asubuhi ukapata 14.4, na baada ya safari ndefu ukapata 13.9. Huo si ugonjwa.

Sasa twende kwenye umeme wenyewe, maana hapa ndipo ninapoona tatizo lako lilipo.

Rota inazunguka ndani ya stata, ambayo ni duara la chuma lenye makundi matatu ya koili. Kila ukucha wa kaskazini ukipita mbele ya koili, umeme unasukumwa upande mmoja. Wa kusini ukipita, unasukumwa upande wa pili. Kwa hiyo kinachozaliwa ndani ya alteneta ni mkondo geu, unaokwenda na kurudi. Puli ya injini kwa kawaida ni kubwa kuliko ya alteneta mara mbili hadi tatu, hivyo injini ikiwa na mizunguko 800 kwa dakika, rota inazunguka kama 2,000. Kwa jozi sita za makucha, hiyo ni kwenda na kurudi mara 200 kwa sekunde. Betri haiwezi kula umeme wa namna hiyo. Inataka mkondo mnyoofu, unaokwenda upande mmoja tu.

Kazi ya kuunyoosha ni ya daiodi. Daiodi ni mlango wa umeme unaofunguka upande mmoja. Kwa kawaida zipo sita: tatu upande wa chanya, tatu upande wa hasi, zimepachikwa kwenye mabamba ya alumini yanayopoza joto. Kila kundi la koili lina daiodi yake ya kwendea na ya kurudia. Makundi matatu yakipishana, kilele cha moja kinaziba bonde la jingine, na kinachotoka nje ni umeme ulio karibu kunyooka, wenye mawimbi madogo tu juu yake: sita kwa kila mpigo, yaani kama 1,200 kwa sekunde injini ikiwa haijakanyagwa.

Nifungue kidirisha hapa kidogo. Daiodi ndizo zilizoleta alteneta kwenye magari. Zamani magari yalitumia dainamo, ambayo mkondo wake wote mkubwa ulipita kwenye kaboni zake, na injini isipokanyagwa haikuzalisha kitu cha maana. Daiodi za silikoni zilipokuwa ndogo, imara na za bei ya kuvumilika, kampuni ya Chrysler iliweka alteneta kwenye gari la Valiant la mwaka 1960, na ndani ya miaka michache watengenezaji wengine wakafuata. Tangu hapo kaboni zinabeba ampia chache za rota, huku ampia 90 au 100 zikitoka kwenye stata ambayo haizunguki. Ni ubunifu ninaouheshimu mno, na ndio unaofanya alteneta idumu miaka mingi bila kuguswa.

Daiodi moja kati ya hizo sita ikikatika, alteneta haifi. Hilo ndilo linalowachanganya mafundi wengi. Makundi mawili ya koili yanaendelea kufanya kazi sawasawa, na la tatu linafanya nusu ya kazi yake. Ukipima gari likiwa halina mzigo, kidhibiti kinaona volti zimepungua, kinaongeza mkondo wa rota kidogo, na mita yako inaonyesha 14.1 safi kabisa. Kila kitu kinaonekana kizima. Ukiwasha taa, feni na kioo cha nyuma, mahitaji yanapanda ghafla kufikia ampia 40 au zaidi. Kidhibiti kinafungua njia yote, sumaku inafika mwisho wa nguvu zake, na bado umeme hautoshi. Volti zinaporomoka. Kinachopungua betri ndiyo inayokitoa mfukoni mwake.

Linganisha na namba zako: 14.1 bila mzigo, 12.7 na mzigo, 13.0 kwa mizunguko 2,000. Ile 14.1 ni ushahidi kwamba kidhibiti kinapima na kinakata pale kinapotakiwa. Kingekuwa kimeganda kikiwa wazi, ungeona volti 16 au zaidi ukikanyaga mafuta, na betri ingetoa harufu ya mayai viza. Kingekuwa kimeganda kikiwa kimefunga, usingeona 14 kamwe.

Kushuka injini ikiwa haijakanyagwa peke yake kusingenishtua. Namba ya ampia iliyoandikwa kwenye kibandiko hupimwa rota ikizunguka 6,000 kwa dakika. Injini ikitulia unaweza kupata kama nusu yake tu. Kinachonishtua ni kwamba hata ulipokanyaga hadi 2,000, ambapo rota iko karibu 5,000, haikuinuka. Alteneta nzima pale ingerudi juu ya 13.5 bila shida.

Dalili nyingine mbili ndizo zinazonifanya nitaje daiodi kwa jina. Mlio wa redio ni yale mawimbi niliyoyataja. Yakiwa madogo redio inayachuja. Daiodi moja ikikosekana kunakuwa na shimo linalojirudia, mawimbi yanakuwa makubwa na ya kina, na redio inayasikia. Yanafuata kasi ya rota, ndiyo maana mlio unapanda ukikanyaga.

Na ile taa hafifu ndiyo shahidi ninayempenda zaidi. Katika magari mengi ya umri wa lako, taa ya betri haiwashwi na kompyuta yoyote. Imeunganishwa kati ya sehemu mbili: upande mmoja umeme wa betri unaopitia swichi, upande wa pili umeme unaotoka kwenye daiodi tatu ndogo ndani ya alteneta zinazolisha rota. Ukifungua swichi kabla injini haijawaka, alteneta haina kitu, kwa hiyo mkondo unatoka kwenye betri, unapita kwenye taa, unaingia kwenye rota. Taa inawaka, na mkondo huohuo mdogo unaipa rota usumaku wa kuanzia. Injini ikiwaka, alteneta inapata volti zake, na sasa pande zote mbili za taa zina 14. Pande zikilingana, mkondo hauna sababu ya kupita, taa inazimika. Haizimwi na mtu, inazimika kwa kukosa tofauti. Ikibaki na mwanga hafifu maana yake ni kwamba pande mbili hazilingani, na sababu ya kawaida ni daiodi iliyoharibika upande mmojawapo. Sababu nyingine, isiyo ya alteneta, ni swichi au fyuzi iliyochoka inayopunguza volti njiani, na ndiyo maana tunapima kabla ya kuhukumu.

Kuna magari ambayo kompyuta huamua volti za kuchaji na kuzishusha kwa makusudi ili kupunguza mzigo wa injini. Baadhi ya Honda zilifanya hivyo tangu miaka ya 1990, na leo ni jambo la kawaida kwa magari mapya. Lakini hayo hushusha volti mzigo ukiwa mdogo na kuzipandisha mzigo ukiongezeka. Lako linafanya kinyume, kwa hiyo hilo tuliweke kando.

Washukiwa wengine halali wapo, na nitakuwa nimemwonea fundi wako wa pili nisipowataja. Kaboni zikiisha, zinagusa pete kwa shida, mkondo wa rota unapungua, na alteneta inashindwa mzigo kama yako inavyoshindwa. Katika alteneta nyingi kaboni zimeungana na kidhibiti kuwa kifaa kimoja, kwa hiyo aliposema ubadilishe kidhibiti huenda alikuwa anafikiria kaboni. Mkanda uliolegea unateleza mzigo ukija. Waya mnene wa kutoka alteneta kwenda betri ukipata kutu unakula volti njiani. Na waya wa athi kati ya injini na bodi ukilegea unafanya vivyo hivyo. Kaboni zilizoisha, lakini, hazina tabia ya kufanya redio ilie kwa mlio mmoja unaopanda na kushuka na mafuta, na mkanda hauna tabia ya kuacha taa hafifu muda wote.

Sasa chukua mita.

Anza na vya bure: injini ikiwa imezimwa, kagua mkanda, ukaze vichwa vya betri, vikiwa na ukungu mweupe visugue. Kisha washa injini, washa taa na feni, mtu akushikilie mafuta kwenye mizunguko 2,000. Weka mita kwenye volti za mkondo mnyoofu. Mkono mmoja wa mita uguse skrubu ya umeme mkubwa nyuma ya alteneta, mwingine nguzo ya chanya ya betri. Hapo unapima kinachopotea njiani, na hakitakiwi kuzidi 0.3. Fanya hivyo pia kati ya mwili wa alteneta na nguzo ya hasi. Hapo isizidi 0.2. Jihadhari na mkanda na feni, na usivae kitu kinachoning'inia. Ukikuta namba kubwa zaidi, tatizo ni waya, na umepona kwa gharama ndogo.

Zikiwa nzuri, hamisha mita kwenye volti za mkondo geu. Kabla ya kuwasha injini, pima betri ikiwa imetulia. Mita nzuri itaonyesha sifuri au karibu na sifuri. Mita nyingi za bei nafuu zitaonyesha kitu kama 26, au sifuri ukigeuza nyaya. Mita ya namna hiyo haiwezi kutenganisha mkondo geu na mnyoofu, na jibu lake kwenye kipimo hiki halifai. Azima nyingine. Ukiwa na mita inayofaa, washa injini na mizigo, pima kati ya skrubu kubwa ya alteneta na mwili wake. Alteneta nzima hutoa sehemu ndogo tu ya volti, mara nyingi chini ya 0.1. Ikivuka 0.5, daiodi au koili ya stata ina hitilafu, na hapo hakuna haja ya kubishana na mtu.

Kuna kipimo kimoja ninachokukataza kabisa, nacho ni kile cha kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inawaka "kuona kama alteneta inazalisha". Nimekiona kikifanywa na watu wenye uzoefu wa miaka mingi na kinanisikitisha kila mara. Betri ndiyo inayotuliza volti za gari. Ukiichomoa alteneta ikiwa inasukuma mkondo mkubwa, mkondo huo unakosa pa kwenda, na kidhibiti, hata kikikata mara moja, hakiwezi kuua sumaku ya rota papo hapo. Kwa sehemu ya sekunde volti zinaweza kuruka kupita 60. Alteneta nyingi za sasa zina daiodi za kukinga ambazo hushikilia mruko huo chini ya hapo, lakini bado ni kamari, na unachochezea ni kompyuta ya injini. Mtu akitaka kukufanyia hivyo, mzuie kwa upole na umpe mita.

Ukithibitisha ni daiodi, mwambie fundi wa umeme wa magari afungue alteneta abadilishe bamba la daiodi. Kabla ya kulegeza nati yoyote nyuma ya alteneta, achomoe kwanza waya wa hasi wa betri huku injini ikiwa imezimwa, kwa sababu ile skrubu kubwa ina umeme wa betri saa zote, hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako. Spana ikigusa skrubu hiyo na bodi kwa pamoja, cheche zake si za mchezo. Akishafungua, mwombe apime kila daiodi mbele yako, koili za stata zikiwa zimetenganishwa nayo. Kwenye kipimo cha daiodi, upande mmoja mita ionyeshe kati ya 0.4 na 0.7, upande wa pili isionyeshe kitu. Ikionyesha pande zote mbili, imepata shoti. Isipoonyesha popote, imekatika. Maadamu imefunguliwa, aangalie urefu wa kaboni, ulaini wa pete, na azungushe beringi mkononi kusikia kama zinakwaruza. Vyote hivyo ni vitu vidogo ambavyo kuvibadilisha sasa ni rahisi kuliko kufungua tena.

Jiulize pia daiodi ilikufa kwa nini. Kubusti gari kwa kugeuza nyaya chanya na hasi, hata kwa nukta moja, kunaziua. Mafuta ya injini yanayodondokea alteneta yanaipandisha joto. Na kuna kosa ambalo watu hawalihesabu kuwa kosa: kubusti gari lenye betri iliyokufa kabisa, kisha kuiachia alteneta kazi ya kuijaza. Betri tupu inavuta mkondo mkubwa kwa muda mrefu, alteneta inafanya kazi karibu na ukomo wake wakati gari limesimama na hewa ya kuipoza ni kidogo, na daiodi ndizo zinazolipia.

Hiyo inanirudisha kwa fundi wako wa kwanza. Volti 12.3 ikiwa imepumzika maana yake betri yako iko kati ya nusu na robo tatu ya chaji yake. Kwa wiki hizo zote imekuwa ikiziba pengo la alteneta bila kujazwa inavyostahili, na betri ya risasi ikikaa muda mrefu na chaji pungufu, mabamba yake hujenga tabaka gumu la salfeti linalopunguza uwezo wake. Kwa hiyo usiihukumu leo. Alteneta ikishatengenezwa, ijaze kwa chaja ya nje, kwa mkondo wa takriban sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake: betri ya ampia-saa 45 ipewe ampia 4 hadi 5 mpaka ijae. Iache usiku mzima bila kuiunganisha na chochote, kisha pima asubuhi. Ikisoma 12.6 au karibu yake, na gari likawaka bila kusuasua, endelea nayo. Ikishuka chini ya 12.4 bila kutumiwa, basi kauli ya fundi wa kwanza imekuwa kweli na betri ibadilishwe, lakini baada ya alteneta, si kabla.